Chingamu haikuvumbuliwa Marekani, wala haikai tumboni miaka saba

Iite jojo, bazoka, PK au chingamu. Habari yake wengi tumeipata ikiwa imefupishwa mno. Mmarekani mmoja mjanja alikaa akabuni kitu cha kutafuna, akatajirika. Kweli hapo ni ule utajiri tu.

Kutafuna kitu kisichomezwa hakuna aliyekubuni. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vyote vya mwanamke aliyeishi miaka 5,700 hivi iliyopita katika kisiwa cha Lolland, Denmark. Hawakupata mfupa wake hata mmoja. Walichokipata ni kidonge cheusi cha lami ya magome ya mti wa betula, alichokitafuna akakitema. Mate yaliyobaki ndani yake yalionyesha kuwa alikuwa na ngozi nyeusi na macho ya buluu, na kwamba karibu na siku hiyo alikula bata. Kwa msomaji wa pwani, ushahidi uko karibu zaidi. Ubani tunaouchoma kwenye chetezo, watu wa Dhofar kule Oman huutafuna, na Waarabu wengi hadi leo hulitumia jina lake la Kiarabu, luban, kuiita chingamu ya dukani.

Huko Meksiko, Waazteki walitafuna tziktli, utomvu mweupe wa msapodila, mti wa lile tunda ambalo Wahindi huliita chiku. Padri wa Kihispania, Bernardino de Sahagún, aliandika katika karne ya 16 kwamba wasichana wasioolewa waliruhusiwa kutafuna hadharani, wake za watu wakatafuna kwa siri, na waliopasuapasua mdomoni njiani walihesabiwa kuwa malaya. Bibi yeyote wa uswahilini angekubaliana nao bila kusoma kitabu.

Basi jina la Thomas Adams, yule Mmarekani mjanja, linaingilia wapi? Wengi husema ndiye aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kwanza ya chingamu. Siye. Mnamo Desemba 1869 hataza ilitolewa kwa William Semple, daktari wa meno wa Mount Vernon, Ohio. Yake ilikuwa ya mpira, na alipendekeza ichanganywe na vitu kama chaki na unga wa mkaa ili isugue meno. Hakuiuza. Na hata kabla yake, tangu 1848, John Curtis wa Maine alikuwa akiuza utomvu wa msprusi, mti wa jamii ya msonobari, kitu ambacho wenyeji asilia wa huko walikuwa wakikitafuna zamani.

Adams yeye alikuwa akitafuta magurudumu. Jenerali Antonio López de Santa Anna, aliyewahi kuwa rais wa Meksiko zaidi ya mara moja, alikuwa uhamishoni Staten Island, New York, akiwa na shehena ya utomvu ule ule wa msapodila, ambao Wahispania waliuita chikle. Tumaini lake lilikuwa kwamba utachukua nafasi ya mpira, apate fedha za kurudia madaraka. Adams alijaribu kutengeneza matairi, viatu, midoli, vyote vikamshinda. Ndipo akaona auuze utafunwe. Jenerali alikufa maskini mwaka 1876, na Adams akawa na kiwanda. Naye William Wrigley wa Chicago alianza kwa sabuni, akahamia baking pauda, akiwapa wateja chingamu kama nyongeza ya bure. Wateja wakaitaka nyongeza kuliko bidhaa. Sifa ya Wamarekani, kwa maoni yangu, ni hiyo: mashine, karatasi ya kufungia na matangazo.

Dhana nyingine ni kwamba tunachotafuna leo bado ni utomvu wa mti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vingi viliuacha chikle, vikahamia malighafi za petroli, jamaa za plastiki na mpira wa viwandani. Ndiyo maana chingamu ikibandikwa chini ya dawati la shule huoza dawati kwanza.

Kuhusu kumeza: haigandi kwenye utumbo, si miaka saba, si mwezi. Tumbo haliwezi kuisaga, lakini huisukuma mpaka chooni baada ya siku chache. Waliopata shida ni watoto wachache waliomeza nyingi, siku baada ya siku, wakafunga choo.

Na Singapore, inakosemwa kwamba chingamu inakupeleka jela? Hakuna anayefungwa kwa kutafuna. Sheria ya 1992 ilipiga marufuku kuingiza na kuuza, baada ya watu kubandika chingamu kwenye milango ya treni. Tangu 2004 chingamu za tiba zimeruhusiwa, lakini huzipati kwenye kioski. Unazinunua kwa mfamasia au kwa daktari wa meno.