Kuruka chini: maana yake, na kwa nini si usalama

Kuruka chini ni kuendesha ndege chini ya kimo kilichowekwa na kanuni, pasi na haja ya kupaa wala kutua. Kanuni za kimataifa humtaka rubani anayejiongoza kwa macho abaki, akiwa juu ya mji, angalau mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilichomo ndani ya mita 600 kutoka alipo, na kwingineko mita 150 juu ya ardhi au maji. Kwa hiyo ndege inayopita karibu na mapaa ya Kiembesamaki, mtaa wa jirani na uwanja wa ndege wa Unguja, ikielekea uwanjani hairuki chini kwa maana hiyo, inatua.

Kinachonisumbua ni kauli ya abiria wa ndege ndogo za Unguja na Pemba: "Afadhali akae chini chini, likitokea la kutokea tusianguke kutoka juu." Anayesema hivyo anamfikiria mkwezi wa mnazi, ambaye akiteleza, urefu ndio unaomvunja. Ndege haianguki hivyo. Injini ikizimika, rubani huinamisha pua kidogo, mabawa yakaendelea kubeba, na kile kimo alichonacho akakitumia kusonga mbele. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, injini ikiwa imezimika husonga takriban mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka. Rubani aliye mita 1,000 juu ana kilomita 9 hivi na zaidi ya dakika nne za kujaribu kuiwasha injini, kutoa taarifa kwa redio, kuchagua ufuo na kuwaambia abiria wavae majaketi ya kuokolea. Aliye mita 60 ana kiasi cha nusu kilomita na sekunde zisizofika ishirini, ambazo huisha mkono ungali kwenye valvu ya mafuta.

Tena mara nyingi injini haina kosa lolote. Mtu hukizunguka kijiji chao ili awapungie jamaa mkono, macho yako chini, naye anazidi kukaza duara asije akawapoteza. Ndege iliyolazwa nyuzi 60 bila kushuka huhitaji kasi ya asilimia 41 zaidi ili mabawa yasiache kubeba. Kusi ikimsukuma kutoka nyuma, minazi huonekana inakimbia, akadhani kasi ipo tele na kupunguza nguvu ya injini. Mabawa yakiacha kubeba hapo, kimo cha kuirejesha ndege katika hali yake hakipo. Wakati wa maleleji baharini kuna hatari nyingine, kwani maji yaliyotulia hayaonyeshi uso wake uko umbali gani. Minara ya simu na kunguru sina haja ya kuieleza.

Basi, ndugu abiria, rubani wa Pemba anapopanda hadi ngalawa zikawa nukta, anatuwekea akiba ya muda. Tusimwombe ashuke ili tupige picha za miamba.