Paka aliyepooza: maswali ninayoulizwa kuhusu kumlea mpaka mwisho wake

Kashata aligongwa na tuktuk mtaani kwetu Mombasa akiwa bado mdogo. Uti wa mgongo uliumia, miguu ya nyuma na mkia vikafa ganzi. Kituo kinachookoa wanyama kilimtibu, kisha kikatafuta mtu wa kukaa naye maisha yake yote, maana wanaokuja kuchagua paka humpita aliyevaa nepi. Huu ni mwaka wa sita yuko kwangu. Maswali haya huulizwa na majirani, jamaa, na watu wanaofikiria kumchukua paka kama yeye.

Ulezi wa kudumu ni nini hasa?

Paka anabaki kwenye daftari la kituo, wewe unampa nyumba. Mara nyingi kituo hubeba gharama za matibabu, zote au sehemu yake, na mlezi hubeba chakula na kazi ya kila siku. Kwa kuwa kila kituo kina utaratibu wake, yaandikwe mapema: nani anamlipa daktari, nani anapigiwa simu usiku wa manane, na nani ana kauli ya mwisho siku daktari akisema hakuna tena la kufanya. Hilo la mwisho watu huona haya kuliuliza. Liulize siku ya kwanza, kabla hujampenda.

Ni paka gani wanaohesabiwa kuwa na mahitaji maalumu?

Wako wengi, na baadhi yao hawana kazi kubwa. Kipofu anataka tu usihamishe viti, na chakula, maji na mchanga wake vikae palepale. Kuna anayetetemeka na kuyumba tangu aanze kutembea. Watu husema ana kifafa, wengine husema ana shetani. Mara nyingi ni kwamba mama yake alipatwa na virusi vya panleukopenia, ugonjwa hatari wa paka, akiwa na mimba, na sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo haikukua sawasawa. Hali hiyo haizidi, haimuumi, wala haiambukizi. Halafu kuna wenye FIV, virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili, ambavyo watu huviita UKIMWI wa paka. Virusi hivyo viligunduliwa California mwaka 1986. Huenea hasa kwa paka kung'atana vibaya, na haviingii kwa binadamu. Ukimfungia ndani asipigane, paka huyo anaweza kuishi miaka mingi.

Aliyepooza ndiye anayehitaji mikono zaidi, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Atakojoaje?

Hili ndilo swali lenyewe. Paka wengi waliopooza nyuma hawawezi kumwaga mkojo wao. Kibofu hujaa, matone yakaanza kuvuja, na mwenye nyumba akadhani anakojoa vizuri kumbe ndani mkojo umelala. Mkojo uliolala huleta maambukizi, na hayo hupanda hadi kwenye figo. Dawa yake ni kumkamua kwa mkono, mara mbili au tatu kwa siku. Mimi hufanya baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri, na kabla ya kulala.

Namsimamisha Kashata juu ya karai, mkono wa kushoto ukiwa chini ya kifua. Mkono wa kulia unatafuta nyuma ya tumbo, karibu na nyonga, mpaka nikutane na kitu cha mviringo chenye ukubwa wa ndimu, laini kama puto la maji. Nakikumbatia kwa vidole vilivyonyooka, bila kutumia ncha, kisha naminya polepole kuelekea mkiani, bila kuachia. Mwanzo hakuna kitu. Halafu unahisi kama mlango umefunguka, na mkojo unatoka kwa mkondo mmoja. Ukibaki matone na ile ndimu imeyeyuka mkononi, umemaliza.

Usijifunze hili kwa kusoma peke yake. Daktari wa mifugo aweke mkono wake juu ya mkono wako, mara kadhaa, mpaka ujue kutofautisha kibofu na kinyesi kilichokauka. Dume ni mgumu kuliko jike kwa sababu mrija wake ni mwembamba. Na usilazimishe kamwe: kibofu kikiwa kigumu kama jiwe na hakitoi tone, huenda mrija umeziba, na nguvu zako zinaweza kukipasua. Mpeleke kwa daktari saa ileile. Mkojo ukizibika kabisa, paka anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu.

Mkojo wenye damu, au uliochafuka kama maji ya kuoshea mchele, au unaonuka kuliko siku zote, ni dalili ya maambukizi. Kashata ameugua hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara pua yangu ndiyo iliyojua kwanza.

Na nepi? Hapati vidonda?

Hupata, ukizembea. Nepi ya mtoto mchanga iliyotobolewa tundu la mkia inafaa, lakini si ya kukaa nayo kutwa nzima. Mkojo huchoma ngozi. Manyoya ya nyuma yakatwe yawe mafupi, aoshwe kwa maji ya vuguvugu, akaushwe mpaka pakavu kabisa. Sakafu ya saruji inayokwaruza humchubua akijiburura, na kwa kuwa hahisi, hatalia. Ndiyo maana kila usiku nampindua na kumkagua magoti na vifundo kwa mwanga wa simu.

Sisi tunaoswali tufanyeje?

Paka mwenyewe si najisi. Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba hayo ameyapokea kwa Mtume. Ila mkojo wake ni jambo jingine. Nina leso moja ya kazi hiyo tu, najifunga kabla ya kumshika na kuivua nikimaliza. Kwetu imekuwa jambo dogo. Nalitaja kwa sababu najua watu waliomkataa paka kwa hofu hii pekee.

Anaweza kutuambukiza?

Wanaohofia zaidi ni wajawazito, kwa sababu ya toksoplasma. Kwa kawaida paka hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu, baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na mayai huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi kikitolewa kila siku, hatari inapungua sana. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, au avae glavu na kunawa kwa sabuni. Nyama isiyoiva vizuri nayo huambukiza, kwa hiyo paka asilishwe mbichi na nanyi msile mbichi.

Achanjwe kichaa cha mbwa hata kama hatoki nje. Paka yeyote usiyeijua chanjo yake akikuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ale nini, na dawa za nyumbani je?

Ugali na maziwa havimtoshi. Paka anahitaji nyama au samaki aliyepikwa, au chakula cha paka kilichokamilika. Cha mbwa hakifai, kwani hakina taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa, ya kumtosha. Choo kikikauka, daktari akikubali, mchanganyie kijiko cha boga lililochemshwa.

Na tafadhali, akiumwa usimpe parasetamoli, ile tunayoiita panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Vivyo hivyo dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, sumu ya kuua wadudu, usimpake.

Huoni unamtesa? Si bora apumzishwe?

Nimeulizwa hivi kwenye baraza mbele yake. Kashata hupanda kochi kwa miguu ya mbele tu, hujilamba kifua, humfukuza mjusi, na akisikia kisu kwenye ubao hujiburura hadi jikoni kabla yangu. Hayo ndiyo ninayoyahesabu. Paka huficha maumivu, basi tazama alichoacha kufanya: kula, kujisafisha, kuja unapoita. Akiacha yote kwa siku kadhaa, na daktari akasema hakuna tiba, kumpumzisha kwa sindano ni huruma, na mlezi asilaumiwe. Lakini miguu peke yake haitoshi kuwa sababu.

Nikisafiri?

Usimchukue mpaka pawe na mtu wa pili anayejua kukamua. Binti wa dada yangu alijifunza kwa siku nne, mkono wangu juu ya wake. Siku ya tano nilisimama mlangoni. Alitafuta, akakosa, akatafuta tena kimyakimya, kisha nikasikia mkojo ukigonga karai.