Mkono ukiuma, ndiyo unajifunza?

Wapigaji wengi wa ngoma, gitaa na adungu (kinubi cha nyuzi) hapa Uganda wamekua wakiambiwa hivi: mkono usipouma, bado hujafanya mazoezi. Vumilia, utazoea.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Ncha za vidole vinavyobana nyuzi huuma wiki za mwanzo, kisha hufanya sugu. Lakini hiyo ni ngozi. Kano na neva hazioti sugu. Maumivu ya kiwiko au kifundo cha mkono, ganzi, vidole kuchomachoma, kikombe kukuponyoka: hizo ni dalili za mkono uliozidiwa, na kuulazimisha huchelewesha kupona.

Tazama amadinda, marimba ya vibao vya mbao ya Buganda inayopigwa kwa fimbo. Mapigo yake husikika ya kasi ya ajabu, ila kasi hiyo imegawanywa. Wapigaji 2 hupishana, kila mmoja akijaza nafasi anazoacha mwenzake, na wa 3 hushughulikia vibao 2 vya juu tu. Hakuna anayebeba kasi yote peke yake.

Unaweza kujipima. Piga wimbo uleule polepole, ukilegeza mshiko hadi fimbo ikaribie kuanguka. Maumivu yakipungua, huenda ulikuwa unakaza mno. Mwombe mwenzako atazame kama mabega yamepanda au kifundo kimepinda. Pumzika dakika chache kila nusu saa (mimi husahau, kwa hiyo naweka kengele ya simu). Maumivu yakilala nawe hadi kesho yake, punguza muda wa mazoezi. Ganzi ikirudirudi, nenda kituo cha afya.