Paketi Nzima ya Hamira na Dhana Nyingine Zinazoharibu Sinia la Piza

"Mwalimu, nimetia paketi nzima ya hamira na bado piza imetoka ngumu." Katika mafunzo ya upishi ninayoyatoa hapa Unguja, maneno haya nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi humkatiza msemaji kabla hajayamaliza. Wanaoyasema si wageni wa jikoni. Wengi wao ni akina mama wanaopika biriani ya shughuli kwa kukisia kwa jicho na isiharibike, ambao sasa wanapenda kuwaandalia watoto na wageni piza, spageti na tiramisu (kitindamlo cha Kiitaliano cha biskuti, kahawa na jibini) wakati wa sikukuu au katika futari za kualikana. Kwa kuwa imani zilezile hurudi kila kundi jipya linapoanza, nimeona niziandike, nikianza na ile inayoniudhi kuliko zote.

Dhana: Hamira nyingi ndiyo inayolainisha piza

Asili ya dhana hii naielewa. Mkate wa ufuta na maandazi yetu hutiwa hamira ya kutosha pamoja na tui la nazi, huumuka kwa muda mfupi, na huliwa yakiwa ya moto siku hiyohiyo, kwa hiyo madhara ya haraka hayadhihiriki. Tui lina mafuta, na mafuta hulainisha. Donge la piza halina tui la kulisitiri: ni unga, maji, chumvi na hamira, basi, na kila kasoro ya kuumuka huonekana.

Hamira ni viumbe hai vinavyokula sukari na kutoa hewa inayojaza matundu ndani ya donge. Sukari hiyo hutokana na wanga wa unga wenyewe, ambao huvunjwavunjwa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya unga, na kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Ukitia paketi ya gramu 11 katika nusu kilo ya unga, hamira hula sukari upesi kuliko inavyopatikana, na donge hujaa hewa kabla halijatulia. Fanya hivyo mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, jikoni mkiwa na joto la nyuzi 31, na baada ya chini ya saa moja utakuta bakuli limefurika na kutoa harufu kali ya pombe. Ukilitandaza donge hilo, linarudi nyuma kila unapoliachia. Ukiliweka kwenye moto, halishiki rangi kwa sababu sukari iliyobaki ni haba. Mpishi huendelea kulisubiri lipate wekundu, na katika kusubiri huko maji yote hukauka. Hiyo ndiyo piza ngumu ninayopigiwa simu kwa ajili yake, na aliyeipika huapa kwamba mara ijayo ataongeza hamira.

Wengine, kwa kuuona weupe huo, hutia vijiko vitatu vya sukari. Rangi hupatikana, lakini kinachowekwa mezani ni boflo tamu lililopakwa tungule.

Sasa na tutazame wanavyofanya Waitaliano wenyewe. Masharti ya piza ya mji wa Napoli, yaliyosajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2010, yanataja lita 1 ya maji, unga wa karibu kilo 1.8, chumvi gramu 50 hadi 55, na hamira mbichi gramu 3 tu. Sukari haimo. Hamira mbichi gramu 3 ni sawa na takriban gramu 1 ya hii yetu kavu, maana yake ni kwamba paketi ile uliyoimimina yote katika nusu kilo ingetosha karibu kilo 20 za unga kwa mpishi wa Napoli. Donge huumuka saa 2 kwanza, kisha hukatwa matonge yanayoachwa saa 4 hadi 6 nyingine, na hayo yote ni kwa joto la nyuzi 25, ambalo sisi hulikaribia wakati wa kipupwe tu. Kwa joto letu hamira hufanya kazi kwa kasi zaidi, kwa hiyo tulipaswa kuwa wabanifu wa hamira, wala si wakarimu.

Kipimo ninachokifundisha ni hiki: unga wa ngano nusu kilo, maji mililita 325, chumvi gramu 12, na robo ya kijiko cha chai cha hamira kavu. Robo, iliyosawazishwa kwa kisu. Ikiwa piza ni ya futari, kanda saa tano asubuhi, funika bakuli kwa kitambaa kibichi, kata matonge mnamo saa kumi, na karibu na magharibi yatakuwa yamelegea na kujaa, yanatandazika kwa vidole bila ubishi. Wakati wa kipupwe ongeza saa moja au mbili. Ikiwa una friji na umeme haukuchezei, ni bora zaidi ukande jana yake, uliache donge nje kwa saa moja au mbili, kisha ulilaze ndani ya friji hadi kesho. Ladha ya donge lililolala usiku kucha haipatikani kwa njia nyingine yoyote, na hapa sipokei mjadala.

Ulaini wanaoutafuta wanafunzi wangu kwa hamira hutokana na maji na mapumziko. Wengi huanza na kipimo sahihi, kisha donge likinata mikononi huongeza konzi ya unga, na konzi nyingine, mpaka likauke. Acha linate. Lipumzishe dakika 20, lowesha mikono, livute upande mmoja na kulikunjia juu yake lenyewe, uzungushe bakuli na kurudia pande zote nne. Ukifanya hivyo mara tatu, kila baada ya nusu saa, utaona lile lililokuwa uji uji limekuwa nyororo na linashikana bila kuongezwa hata kijiko cha unga.

Nimalize habari ya hamira kwa mambo mawili yanayofuatana nayo. Maji ya moto "ya kuiamsha" hayahitajiki hapa kwetu: hamira hufa maji yakifikia nyuzi 55 hadi 60, na maji ya tangi la juu ya paa wakati wa alasiri yana vuguvugu la kutosha, pengine la kupita kiasi, hata mimi huyatia barafu. Na chumvi haiiui hamira kwa kipimo nilichokitaja. Huipunguza kasi, jambo ambalo katika joto letu ndilo hasa tunalolihitaji, na tena hulipa donge nguvu ya kushika hewa.

Dhana: Piza husukumwa kama chapati

Kibao na mpini virudishwe kabatini. Ukisukuma unaitoa hewa yote uliyoisubiri tangu asubuhi. Masharti yale ya Napoli hayaruhusu mpini. Donge hutandazwa kwa vidole kutoka katikati kwenda nje, na ukingo huachwa bila kubonyezwa. Ufundi huu wa mikono uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Dhana: Bila tanuri la kuni na unga maalumu, haiwezekani

Ni kweli kwamba tanuri la Napoli hufika nyuzi 485 na kuiva ni kwa sekunde 60 hadi 90, na ni kweli kwamba oveni ya nyumbani huishia nyuzi 250. Lakini Italia si Napoli pekee. Roma wana piza ya sinia inayokatwa vipande vya mraba, na mkoa wa Liguria una fokacha, mkate bapa unaobonyezwa mashimo kwa ncha za vidole na kumwagiwa mafuta ya zeituni na chumvi. Vyote viwili huokwa kwenye trei na hupenda moto wa nyumbani. Kwa wageni wengi mimi hupendekeza hivi badala ya piza za duara, kwa sababu sinia moja hulisha watu wote kwa wakati mmoja na mpishi naye hukaa kula, hakai jikoni akitoa piza mojamoja huku wenzake wakisubiriana.

Asiye na oveni ana makaa. Anayejua kuoka mkate wa kumimina kwa moto wa juu na chini anajua tayari jambo lililo gumu zaidi: sufuria pana iliyopakwa mafuta, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Makaa ya chini yakizidi, kitako kitaungua kabla jibini halijayeyuka.

Kuhusu unga wenye alama ya 00, unaouzwa ghali katika maduka yanayohudumia hoteli, alama hiyo hueleza jinsi unga ulivyochekechwa kuwa mweupe na wenye majivu kidogo (madini yanayobaki unga ukichomwa), yaani yasiyozidi asilimia 0.55, haielezi nguvu yake. Kinachokuhusu ni protini iliyoandikwa mgongoni mwa paketi. Ukiona gramu 11 au 12 kwa kila gramu 100, unga huo wa kawaida unatosha, na bei iliyosalia ununulie jibini.

Dhana: Kadiri unavyojaza juu ndivyo inavyonoga

Tungule zetu mbichi zina maji mengi. Zikate, toa mbegu, zitie chumvi na uziache kwenye chujio nusu saa. Mozarela nayo ikatwe na ikaushwe kwa kitambaa. Ukirundika nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili boga na jibini juu ya donge jembamba, unapata supu iliyokaa juu ya unga mbichi. Anayetaka kujaza kila kitu aende Forodhani akale ile piza ya Zanzibar, ambayo ni chakula kizuri cha aina nyingine kabisa: unga mwembamba uliokunjwa juu ya nyama na yai, ukakaangwa kwenye chuma, usio na uhusiano na Napoli zaidi ya jina.

Dhana: Spageti hutiwa mafuta zisishikane, kisha husuuzwa kwa maji baridi

Mafuta huelea juu ya maji na hayazifanyii spageti chochote ndani ya sufuria. Unapozichuja ndipo huzipaka, na mchuzi ukashindwa kushika. Kuzisuuza ni vibaya zaidi, kwa sababu unauosha wanga ambao ungeufunga mchuzi. Kipimo ni rahisi kukumbuka: lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi, gramu 100 za spageti, na kuzikoroga dakika mbili za mwanzo. Kabla ya kuchuja, teka kikombe cha maji hayo mazito, kisha malizia kupika spageti ndani ya mchuzi wenyewe ukiyaongeza kidogokidogo. Siku nikiona tena mtu anamwaga maji yote kwenye sinki nitamtoza faini.

Dhana: Tiramisu ni haramu kwa kuwa lazima iwe na pombe

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na jibu lake ni wazi. Wapo wanaotia mvinyo, lakini Chuo cha Upishi cha Italia, kupitia tawi lake la Treviso, mji unaojinasibu kuwa chimbuko lake, kiliweka kwa mthibitishaji wa nyaraka mwaka 2010 resipe yenye viini vya mayai, sukari, jibini la maskarpone, biskuti ndefu nyepesi za savoiardi, kahawa na kakao. Pombe haimo. Kahawa chungu ya buli, isiyotiwa tangawizi, inafaa vizuri, mradi iwe imepoa na biskuti izame na kutoka mara moja. Maskarpone ikikosekana, chemsha krimu nzito hadi nyuzi 85, tia maji ya limau, na uiache ndani ya kitambaa usiku kucha kwenye friji ichuje.

Tahadhari ya kweli iko kwenye mayai mabichi. Piga viini na sukari juu ya mvuke wa sufuria inayotokota, bila kuacha kukoroga, mpaka vifike nyuzi 71 na kuwa vizito, kisha vipoe kabla ya kuchanganywa na jibini. Sinia likiwa tayari lilale kwenye friji, na litolewe wageni wakishamaliza kula na kunawa, si tangu wanapoanza kuwasili.