Kujitolea katika Uhifadhi wa Wanyamapori: Yanayodhaniwa na Yaliyopo

Dhana potofu: Anayejitolea hushinda akiwalisha na kuwapakata watoto wa simba.

Mradi unaomruhusu mgeni kumpakata mtoto wa simba unafanya biashara ya picha, na hapa Arusha tusione haya kulisema hilo. Kazi yenyewe ni ya macho na kalamu. Katika eneo la Tarangire, ambako utafiti wa tembo ulianza mwaka 1993, tembo hutambuliwa mmoja mmoja kwa mikato na matundu ya masikio. Hivyo msaidizi hukaa garini akilinganisha sikio analoliona na picha za zamani, kisha huandika jinsia, umri wa kukadiria, idadi ya walio katika kundi na mahali walipoonekana. Sikio moja likisomwa vibaya, tembo mmoja huhesabiwa kuwa wawili.

Dhana potofu: Uhifadhi huishia mpakani mwa hifadhi.

Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wengi wa Tarangire hutoka hifadhini kwenda nyanda za Simanjiro na zile zinazoelekea Ziwa Natron, nao hupita katika ardhi ya vijiji. Ndiyo maana kazi nyingi zenye manufaa ziko bomani na shambani: kuimarisha mazizi kwa senyenge na miti hai ili simba asiwafikie ng'ombe, au kuzungushia shamba la mahindi kamba za mkonge zenye vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyochanganywa na oili chafu. Harufu hiyo humkera tembo, lakini hufifia kwa mvua na jua, na mradi usiorudi kuvipaka upya umemwachia mkulima kamba tupu.

Dhana potofu: Viza ya utalii inatosha.

Haitoshi. Mgeni anayejitolea anahitaji kibali cha Uhamiaji, na akikusanya takwimu za utafiti wa wanyamapori anahitaji pia idhini ya utafiti, ambayo hupitia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, yenye makao makuu hapa hapa Arusha.

Dhana potofu: Hii ni shughuli ya Wazungu.

Chuo cha Mweka, jirani na Moshi, kimefundisha wahifadhi wa Kiafrika tangu mwaka 1963. Isitoshe, mfugaji aliyepoteza mbuzi usiku hueleza kisa chake kwa Kimaasai au Kiswahili, na kijana wa Monduli anayemsikiliza bila mkalimani hujua papo hapo kama aliyehusika ni fisi au chui, na kama mlango wa zizi ulikuwa umefungwa.