Kabla hujaagiza gari la kiti mwendo, tafuta tepu

Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha ya Toyota Noah kwenye WhatsApp. Picha zenyewe zinafanana: mlango wa nyuma umeinuliwa, rampu imelazwa chini, rangi ya fedha, na bei kwa dola gari likiwa bado Japani. Swali nalo ni lile lile: "Dokta, hii itamfaa mama?"

Mimi si daktari. Nilisomea viti mwendo pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo kilichoko Moshi, na kazi yangu hapa Dar ni kumpima mtu pamoja na kiti chake mpaka vipatane. Ila huo udaktari nimeshauzoea. Huwa najibu kwa swali: mama anakaa kwenye kiti gani, na akishakaa, utosi wake uko sentimita ngapi kutoka sakafuni? Hapo ndipo simu inapokaa kimya. Mtu anajua ukubwa wa injini, anajua gari limetembea kilometa ngapi, anajua mpaka redio inaongea lugha gani, lakini mama hajampima.

Mwaka juzi niliitwa Mbagala, familia moja "inataka tu kufungiwa mikanda". Gari lilikuwa limetoka bandarini wiki tatu nyuma, zuri, safi, na hela yote imeshalipwa. Aliyewauzia aliwahakikishia kwamba ni gari la walemavu, na kweli lilikuwa la walemavu. Nikamsukuma mzee hadi nyuma ya gari, nikatoa tepu. Utosi wake ulikuwa sentimita 138. Uwazi wa mlango wa nyuma, 131. Watoto wake wakasema si neno, atainama kidogo wakati wa kupita. Tukampitisha ameinama. Ndani dari likamruhusu kunyanyua shingo, ila magurudumu yakawa yamekwamia njiani: kiti chake kilikuwa cha magurudumu matatu, urefu sentimita 118, na mlango wa nyuma haukufunga. Mzee alikaa humo kama kuku kwenye tenga, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, mimi si gunia la mkaa."

Magari haya ya Kijapani yalitengenezwa kwa viti vya Kijapani: vya magurudumu manne, vifupi, vya kutembea kwenye barabara za waenda kwa miguu zilizosakafiwa na korido za hospitali. Sisi huku tunagawa sana viti virefu, gurudumu la tatu likiwa mbele kabisa, ili mtu asibinuke kwenye mchanga na makorongo. Kiti hicho ni mkombozi ukikaa ndanindani huko ambako lami haijafika. Kwenye gari ni mgeni. Mengi ya magari haya yana winchi ya umeme, mikanda miwili inayotoka mbele na kuvuta kiti juu ya rampu, kila mmoja ukinasa upande wake wa fremu. Kiti cha gurudumu moja mbele hakina pa kunasa hizo ndoano vizuri. Zinavuta vibaya na kiti kinakwenda upande.

Kwa hiyo anza na tepu. Mtu akae kama anavyokaa siku zote, na mto wake chini, viatu miguuni, asijikaze kwa sababu anapimwa. Pima sakafuni hadi utosini. Pima ncha ya vidole vya miguu hadi sehemu ya nyuma kabisa ya kiti, maana miguu huwa inasahaulika na ndiyo inayogonga. Pima upana kwenye magurudumu, na mikono yake ikiwa pale inapokaa akijisukuma. Halafu kiti chenyewe kipimwe uzito bila mtu, hata kwenye mzani wa duka la mkaa. Namba hizo nne ndizo za kumtumia muuzaji, umwambie akupigie picha tepu ikiwa imeshikwa kwenye mlango na kwenye sakafu ya ndani. Akikwambia hana tepu, huyo hajauza gari la aina hii hata moja.

Sasa suala la rampu au lifti. Watu wengi wakisikia lifti wanaona ndiyo ya kisasa. Mimi kwa mazingira yetu naanza na rampu, na naondoka kwenye rampu nikiwa nimelazimika tu. Rampu haina pampu, haina waya, haivuji. Kinachoiangusha ni hesabu. Sakafu ya Hiace ya kawaida iko karibu sentimita 60 kutoka ardhini, au zaidi. Ukitaka msaidizi amsukume mtu mzima bila kuumia mgongo, mteremko usizidi moja kwa sita, yaani kila sentimita moja ya kupanda iwe na sita za urefu. Sitini mara sita ni mita 3 na sentimita 60. Rampu ya namna hiyo utaikunjia wapi, na Kariakoo nani atakuachia nafasi hiyo nyuma ya gari? Fundi wa kuchomelea atakwambia atakutengenezea ya mita moja na nusu. Atatengeneza kweli, na itakuwa ukuta. Nimeshuhudia vijana wawili wenye nguvu zao wakiushindwa, na kilichofuata sipendi kukisimulia.

Ndiyo maana Noah na wenzake wa rampu waliotoka kiwandani wana sakafu ya nyuma iliyokatwa na kushushwa, na baadhi hujishusha nyuma kwa mifuko ya upepo mlango ukifunguliwa. Kazi safi. Lakini sakafu ikishuka, uvungu nao umeshuka, na matuta ya mtaani kwako hayakushirikishwa. Magari ya Kimarekani ndiyo yamezidi: wao hushusha sakafu nzima ya gari dogo la familia kwa karibu sentimita 25. Ndugu wa Houston au Minneapolis anayetaka kumtumia baba gari la hivyo aulize pia hili: mlango wake wa kupakilia mara nyingi uko kulia, kwa sababu kule kulia ndiko pembeni mwa barabara. Kwetu kulia ni katikati ya magari. Baba atashukia mbele ya daladala.

Mifuko ya upepo, vumbi letu huitafuna taratibu. Kabla ya kununua gari ambalo tayari liko nchini, lishushe, lipandishe, kisha liache limesimama usiku kucha. Asubuhi likiwa limelala upande, umeshajua. Angalia na tairi la akiba. Mengi hayana, pale lilipotakiwa kukaa pamekatwa ili rampu ipite. Na uliza rimoti ya winchi iko wapi. Rimoti ikipotea winchi inabaki pambo.

Lifti inakuwa ya lazima pale kiti kinapokuwa cha umeme. Kiti cha umeme peke yake hufika kilo 100 na zaidi. Ongeza mtu wa kilo 80, hakuna wa kumsukuma huyo juu ya rampu kila siku. Hapo Hiace yenye lifti ya nyuma ni gari la maana. Soma kibandiko cha uzito kwenye lifti yenyewe, usisome tangazo. Viwango vya Marekani kwa magari ya abiria vinataka lifti ibebe ratili 600, yaani kilo 272, na jukwaa lisipungue sentimita 76 kwa 122. Za Kijapani nyingi ninazokutana nazo zina kiwango cha chini ya hapo, na kiti kama cha yule mzee wa Mbagala, chenye urefu wa sentimita 118 pamoja na vidole vya miguu huenda kisienee kwenye jukwaa.

Kwenye kujaribu lifti, sitaki atumike mtu. Nanunua mifuko minne ya saruji, kilo 50 kila mmoja, naipanga katikati ya jukwaa, naipandisha na kuishusha mara kumi. Wauzaji wananichukia kwa hili. Nasikiliza: pampu ikianza kulia kama mbuzi mara ya sita, mafuta yamepungua au yana hewa. Naisimamisha katikati, naenda kunywa chai, nikirudi naangalia kama jukwaa limeshuka lenyewe. Likishuka hata vidole vitatu, sili zimechoka, na kwa joto na chumvi ya pwani zitazidi kuchoka. Mwisho nazima umeme wote na kumwambia mwenye gari amshushe "abiria" kwa mkono. Lifti za haidroliki kwa kawaida huja na njia ya kushusha bila umeme, na karibu kila mwenye gari ninayekutana naye hajui mpini wake umewekwa wapi. Siku betri itakapokufa mama akiwa juu, si siku ya kuanza kuutafuta. Baada ya zoezi saruji inabaki kwa mwenye gari. Mmoja alijengea choo.

Mikanda ndiyo inayonikosesha usingizi. Majaribio ya kimataifa ya viti mwendo kwenye gari hufanywa kwa mgongano wa kilometa 48 kwa saa, nguvu ikifika mara 20 ya uzito. Kiti cha kilo 20 pale kinavuta kama kilo 400. Cha umeme cha kilo 100 kinavuta tani mbili. Kamba ya manila iliyofungwa kwenye mguu wa siti haina habari na hilo. Kiti kinafungwa kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kwenye fremu yenyewe. Si kwenye magurudumu, si kwenye pa kuwekea miguu, wala si kwenye mkono unaochomoka. Kwenye sakafu, ndoano zishike bamba la chuma lililofungwa kwa bolti hadi uvunguni, siyo skrubu za kwenye zulia. Mtu naye ana mkanda wake wa gari, wa nyonga na bega, unaogusa mwili moja kwa moja. Ukipita juu ya mikono ya kiti unamshika hewani. Ule mkanda mdogo wa kwenye kiti ni wa kumsaidia kukaa sawa, basi. Na atazame mbele. Kukalishwa kiubavuubavu kama kwenye gari la wagonjwa la kizamani, sikubali hata kwa safari ya kwenda gengeni.

Kabla hujakimbilia rampu na lifti, jiulize kama mtu wako anaweza kuhama kutoka kiti kwenda siti, hata kwa kusaidiwa. Wengi wanaweza, hasa waliopata kiharusi na mguu mmoja bado unasimama. Siti ya gari ndiyo mahali salama kuliko pote ndani ya gari, na hapo mtu anakaa na wenzake akiona barabara, badala ya kubaki nyuma anatazama dari na kichefuchefu. Japani wanatoa magari yenye siti inayogeuka, inatoka nje na kushuka hadi usawa wa kiti mwendo. Hata bila hiyo, kuna magari mawili ya bei ya kawaida ambayo mafundi wa Dar wanayajua vizuri: Toyota Porte, yenye mlango mmoja mkubwa wa kuteleza upande wa kushoto, na Toyota Raum ya kuanzia 2003, ambayo upande wa kushoto haina nguzo ya katikati, ukifungua milango yote miwili, ubavu mzima uko wazi. Kaa mbali na Prado. Siti yake iko juu mno, na kila safari inakuwa ya kubebana.

Kuhusu kodi, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Tano, inatoa msamaha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu, na gari moja limo. Nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, kabla gari halijapanda meli, ukiwa na karatasi za muuzaji zinazoonyesha vifaa hivyo viliwekwa kiwandani. Na angalia mwaka: Tanzania gari lililozidi miaka 8 hubeba ushuru wa uchakavu, Kenya halivuki kabisa.

Mzee wa Mbagala? Tulimpima upya, tukakuta mikono yake ina nguvu kuliko watoto walivyokuwa wanadhani. Nikawapeleka Keko kwa seremala, akatuchongea ubao wa mninga, sentimita 75 kwa 22, unene wa kidole, kingo zimepigwa msasa mpaka zimelainika, vanishi mikono mitatu. Upande mmoja unaingia chini ya paja, mwingine unakaa kwenye siti, mtu anajinyanyua na kusogea kidogokidogo. Nilimsisitizia kunyanyua na si kujiburuza, maana ngozi ikichubuka makalioni kidonda hicho kinaweza kumlaza miezi. Noah ikauzwa Morogoro kwa binti mmoja ambaye mama yake ni mfupi na kiti chake ni cha magurudumu manne. Safari hii vipimo vilitangulia. Kwa hela iliyorudi walinunua Raum, na chenji ilibaki. Mzee anakaa mbele, kushoto, na amekataza mtu mwingine kugusa redio.