Mtoto anayenyonya bado anahitaji chanjo ya surua

“Ananyonya vizuri, chanjo ya surua ya nini?” Kinga hiyo haitoki kwenye maziwa. Kingamwili za surua (protini za damu zinazopambana na virusi vyake) hupita kwenye kondo la nyuma, nyingi katika miezi 3 ya mwisho ya ujauzito. Ndiyo maana mtoto njiti huzaliwa na akiba ndogo. Akiba hiyo hupungua kadiri miezi inavyopita. Kingamwili za maziwa hubaki zaidi kooni na tumboni: husaidia sana dhidi ya kuhara, ila haziingii kwenye damu kiasi cha kuzuia surua.

Mbona basi asichanjwe mara tu anapozaliwa? Kingamwili za mama hudhibiti virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujavitambua. Tanzania na Kenya huchanja miezi 9, kisha 18. Tafadhali usiiruke ya pili: takriban watoto 15 kati ya 100 hawapati kinga kwa dozi ya kwanza.